Mapacha Kwenye Kioo Kimoja

Mwaka huo tulikula nzige. Ukitaka niutaje kwa tarakimu utaniudhi bure, maana shule yangu ilikuwa ya misheni, ya kusoma sala na kuandika jina langu, basi. Lakini midomo yetu inaukumbuka. Nzige walishuka mtama ukiwa umeanza kutia maziwa, wakaula mpaka bua, na sisi tukawala wao. Tuliwang'oa mbawa na miguu, tukawakaanga kwenye kigae bila mafuta, na chumvi kidogo kwa aliyekuwa nayo. Siku za kwanza watoto walishangilia. Baadaye, viazi vyetu vikavu, michembe, vilipokwisha ghalani na ikawa nzige asubuhi, nzige jioni, harufu yao ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maziwa ya wanaonyonyesha. Mpaka leo panzi akirukia ukuta wangu namfukuza kwa ufagio.

Mwaka huo huo ugonjwa wa malale ulikuwa katikati yetu. Jirani yangu mmoja, mwanamume wa kulima kuliko wote, alianza kusinzia na tonge mkononi. Ukimwita anaitika, ukigeuka amelala. Akakonda, akaanza kumtukana mkewe kwa maneno ambayo hajawahi kuyasema, kisha akafa. Serikali ya Mwingereza ikatutoa huko porini tulikotawanyika, ikatukusanya mahali pamoja magharibi ya Tabora, upande wa Urambo, kando ya ile njia ya zamani ambayo wapagazi walipita na pembe za ndovu kutoka Ujiji. Tukajenga nyumba kwa mistari kama mimea ya bustani, wanaume wakafyeka pori pande zote, maana mbung'o anayeleta ugonjwa hapendi uwazi. Mama mkwe wangu alipapenda mahali pale kwa sababu moja tu. Baba yake alikuwa mpagazi, alifia njiani, akazikwa na wenzake mahali fulani kwenye njia ile, hakuna ajuaye wapi. Kila asubuhi alimwaga maji kidogo barabarani kabla hajanywa yake.

Kambini palikuwa na nyumba moja ya bati. Wakubwa waliipa jina lao, sisi tuliiita nyumba ya damu. Ndani mlikuwa na meza iliyosukumwa dirishani, na juu ya meza darubini. Siku hizi wajukuu wangu wanasema hadubini. Sawa, ila ile niliyoijua mimi ilikuwa darubini, ya shaba na chuma cheusi, na chini yake kioo cha duara cha kukamata mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama. Msimamizi wake alikuwa mtu wa Tabora mjini, Mwislamu mwenye kofia safi, mjukuu wa wafanyabiashara wa Kiarabu, ambaye alifundishwa kazi hiyo hospitalini. Tulimwita Bwana Mpimaji. Alikuwa mpole, mcheshi, na mwoga wa nyuki.

Mimi niliingia nyumba ile kwa sababu ya funza. Wanawake walikataa kumpa mwanamume vidole vyao avichome atoe damu ya kupima malale. Walijifungia ndani, wengine wakakimbilia vichakani walikotolewa. Bwana Mpimaji akauliza kama kuna mwanamke mwenye mkono mtulivu. Wote walinitaja mimi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyenizidi kutoa funza. Nilikuwa naweza kumtoa funza kwenye kidole cha mtoto, na kifuko chake kizima cha mayai, mtoto akiwa anaendelea kula. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Basi nikapewa sindano, nikapewa na posho ya unga, na katika mwaka wa nzige unga haukataliwi.

Kazi yenyewe ilianza na vioo. Vilikuwa vipande vyembamba, urefu wa kidole cha kati, upana wa vidole viwili. Nilivichemsha na sabuni, nikavisuuza, nikavipangusa kwa spiriti na kitambaa kuukuu kisichoacha nyuzi. Kioo chenye mafuta ya kidole hakishiki damu. Damu inakimbia pembeni kama maji juu ya jani la yungiyungi. Kwa hiyo unakishika kingo tu. Kisha unamchoma mtu, unafuta tone la kwanza, unachukua la pili. Unaligusisha kioo, unalizungusha kwa pembe ya kioo kingine mpaka liwe duara ambalo ukiliweka juu ya maandishi unaweza kuyaona kwa mbali. Halafu unaliacha likauke, limelala bapa, mbali na inzi na sisimizi. Inzi anakula damu ile. Sisimizi ndio usiseme. Miguu ya meza ya kukaushia ilisimama ndani ya makopo ya maji kwa ajili yao. Damu ikikauka inatiwa rangi ya zambarau, inaoshwa, ndipo inapelekwa chini ya jicho la darubini na tone la mafuta juu yake. Mdudu wa malale, akiwa amekufa na kupakwa rangi, ni kama uzi mfupi uliojikunja.

Mama mkwe aliichukia kazi hiyo. Alisema damu ya mtu si ya kukaa kabatini kwa mtu mwingine. Lakini unga aliupika na kuula.

Sasa nieleze habari ya wanangu. Mzaliwa wangu wa kwanza hakuwa mmoja, walikuwa wawili, mapacha wa kike. Wakati huo walikuwa wamefikia umri wa kutumwa moto kwa jirani. Kwetu Unyamwezi mapacha hawachezewi. Akipewa huyu bakuli, na yule apewe, saa ile ile. Ukimnyoa huyu, usiweke wembe chini kabla hujamnyoa mwenzake. Mmoja akichomwa na mwiba, unautoa mwiba, unaugusisha na mguu wa mwenziwe, ili asijione ameachwa. Wanasema pacha anayejiona ameachwa huondoka duniani, na akiondoka anamwita mwenzake. Mama mkwe alikuwa mlinzi wa haya yote. Aliwashonea shanga zinazofanana mpaka idadi ya rangi. Na niseme kweli, aliwapenda kuliko alivyompenda mwanawe, ambaye ni mume wangu.

Siku ya kupimwa kambi nzima ilipofika, mimi nilikuwa nyuma ya ua wa nyasi na wanawake. Watoto walipimwa mezani kwa Bwana Mpimaji. Mama mkwe alikuwa amenikataza nisiwachome mapacha mimi mwenyewe. Alisema mama mzazi akimwaga damu ya pacha, pacha anadhani amefukuzwa. Akawachukua yeye, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, akasimama kwenye mstari.

Yaliyotokea mezani nilisimuliwa na waliokuwapo. Zamu yao ilipofika, Bwana Mpimaji alichukua vioo viwili. Mama mkwe akamwambia achukue kimoja. Hawezi kuwatia mapacha kwenye mashine moja baada ya mwingine, huyu aingie yule angoje nje. Waingie pamoja. Bwana Mpimaji akamweleza kwa heshima kwamba kila mtu ana kioo chake. Mama mkwe akaketi chini mbele ya meza, akanyoosha miguu, na mstari wote ukakwama nyuma yake. Wanawake wazima wakaanza kusema bibi ana haki, mapacha ni mapacha. Mwingine akamtania mpimaji kwamba watu wa mjini wamezaliwa mmoja mmoja ndiyo maana hawajui adabu. Wingu lilikuwa linapanda. Akacheka, akakubali. Akaweka tone la mkubwa, aliyetangulia kuzaliwa, ncha hii ya kioo, tone la mdogo ncha ile, na katikati, kwa ile kalamu ya kukwaruzia kioo, akachora mistari miwili iliyosimama, alama ya mapacha.

Alijiambia kwamba mkubwa yuko kulia. Lakini kioo chenye mistari miwili katikati, ukikigeuza juu chini, mistari ni ile ile. Na vioo vya siku hiyo viliingizwa ndani haraka kwa sababu ya mvua, vikasimamishwa kwenye chombo cha rangi, vikatolewa, vikaoshwa, vikasimamishwa tena vikauke.

Kesho yake, jua lilipokuwa limechangamka, nilikuwa napangusa vioo vipya nyuma ya Bwana Mpimaji. Ghafla akaacha kuimba. Alikuwa na tabia ya kuimba kaswida chini chini akiangalia, na mdudu akionekana ananyamaza. Nikasubiri aseme ni nani. Alikitoa kioo, akakitazama kwa macho matupu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mama mapacha," akasema, "ncha moja ina mdudu. Ncha moja ni safi."

Nikamuuliza ni ya nani yenye mdudu. Akakilaza kioo mezani, akaketi akishika magoti.

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Simlaumu kuliko ninavyomlaumu mwingine. Alikuwa kijana, na alikuwa amewekewa miguu ya mama mkwe wangu mbele yake. Lile lilikuwa kosa la watu wa kwetu, halingefanyika kwingine.

Tuliwaita wote wawili wakachomwa upya, kila mmoja na kioo chake, kila kioo na alama yake. Safari hii nilimchoma mwenyewe kila mtoto, na mama mkwe akageuza uso. Vioo vyote viwili vikatoka safi. Nikaanza kushangilia, Bwana Mpimaji akanitikisia kichwa. Akanieleza kwamba mdudu yule ana siku za kutoka na siku za kujificha. Kutomwona si kusema hayupo. Mmoja wa wanangu alikuwa naye, na anajua kujificha.

Watu wakaanza kuchagua. Mkubwa alikuwa mwembamba, mzito wa kuamka, mwepesi wa kulia. Kila aliyepita uani alimtazama yeye kwa huruma, na mdogo, aliyekuwa mnene wa mashavu hata kwa chakula cha nzige, wakamtania kwamba anamla dada yake. Mama mkwe hakuchagua. Kwake hapakuwa na fumbo. Ugonjwa wa mapacha ni mmoja, wameugua pamoja, watatibiwa pamoja.

Dawa ndiyo iliyokuwa inanikosesha raha. Sindano ya malale ilikuwa na sumu ndani, hilo halikufichwa na mtu. Ilimuua mdudu, na wengi walisimama tena wakalima. Lakini kuna waliolambwa macho nayo, wakapofuka. Palikuwa na mzee pale kambini aliyekuwa akichomwa sindano hizo. Alipona usingizi, ila alitembea akipapasa ukuta, na akikusalimu anasalimu upande ambao haupo. Palikuwa na msichana aliyeposwa, posa ikarudi. Kwa mgonjwa, hesabu ilikuwa wazi: heri macho mabovu kuliko kaburi. Kwa mzima, je? Umpe mtoto mzima sumu ya macho kwa sababu bibi yake aliketi chini mbele ya meza?

Daktari wa Kizungu alifika kwa lori, kama alivyofika kila baada ya muda kuzunguka kambi. Alikuwa mtu mrefu, amechoka, Kiswahili chake kilikuwa cha amri lakini cha kueleweka. Aliambiwa habari ya kioo. Alimkaripia Bwana Mpimaji kwa Kiingereza, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba hakuna shida, watachomwa dawa wote wawili. Mama mkwe alipiga magoti akapiga makofi ya heshima. Ndiyo siku pekee niliyowaona Mzungu na mama mkwe wangu wakikubaliana.

Mimi nikasema naomba muda. Watu waligeuka. Nikasema nitawachoma vidole kila asubuhi, kila mmoja peke yake, mpaka mdudu atoke na tujue yuko kwa nani. Daktari akanitazama, nadhani mara ya kwanza alidhani ni mpimaji anayesema. Akaeleza kwamba mdudu anapokaa sana anapanda kichwani, na akishapanda dawa hiyo huenda isimfikie. Kila siku ninayongoja, mmoja wa watoto wangu analipa. Alisema hivyo, na hakusema kwa ukali. Kisha akasema anakwenda kambi za mbele, akirudi atachoma wote, mdudu awe ameonekana asionekane.

Nikaanza.

Sijui kama umewahi kukimbiwa na mtoto wako. Asubuhi za kwanza waliniletea vidole wenyewe, wakajiona mashujaa. Vidole vikaanza kuuma, nikahamia kwenye masikio, nikahamia kwenye visigino. Mikono yangu ilinuka spiriti, na harufu hiyo ikawa ndiyo mimi. Nikiingia mlangoni, mmoja anajificha nyuma ya bibi yake, mwingine anajificha nyuma ya huyo wa kwanza. Mkubwa alinikojolea siku moja kwa hofu, nikiwa nimemshika mguu. Bibi yao akamfuta. Aliwafunga visigino kwa vitambaa vinavyofanana, akawaimbia, na mimi nikatoka na vioo vyangu viwili vimelala bapa mikononi, nikivikinga na inzi njia nzima.

Chini ya darubini, hakuna. Kesho, hakuna. Siku nyingine ilikuwa mawingu mpaka jioni, kioo cha chini hakikukamata kitu, na siku hiyo ilipotea. Nikawa nawaangalia wakila. Nani ameangusha tonge? Nani amepiga miayo? Mdogo akilala mchana, namwamsha. Mkubwa akiitwa akachelewa kuitika, namwita tena. Kuna wakati nilijikuta naomba awe mkubwa, kwa vile yeye tayari alikuwa dhaifu, ili yule mwenye afya abaki na afya yake. Halafu nikimwona mkubwa anavyoniangalia kwa yale macho makubwa, naomba awe mdogo. Mama hakupewa moyo wa kuomba maombi hayo. Nilikwenda kanisani Jumapili nikashindwa kufumba macho.

Mume wangu alirudi kutoka kufyeka akakuta nyumba ina pande mbili. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia tu kwamba mama yake amelea watoto wengi kuliko mimi, na daktari amesoma kuliko mimi, na wote wawili wanasema jambo moja. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba ncha moja ya kile kioo ilikuwa safi.

Asubuhi moja mdogo aliamka na joto. Alikuwa anacheza, anacheka, lakini ukimgusa shingo anaunguza. Kisogoni, chini ya nywele, palikuwa na vivimbe vidogo kama punje za choroko. Nilimwacha mkubwa kwa bibi yake makusudi, nikambeba mdogo peke yake mpaka nyumba ya damu, ili pasiwe na mtu wa kuuliza damu ni ya nani. Bwana Mpimaji alisema safari hii tusikaushe. Aliweka tone likiwa bado bichi, akalifunika na kipande cha kioo chembamba kama ganda la kitunguu, akakaa. Akaimba. Akanyamaza.

Aliinuka kwenye kigoda akaniachia. Alikuwa hajawahi kuniruhusu kuangalia damu hai, maana jicho lisilozoea linasukuma lenzi likavunja kioo. Nikafumba jicho moja, ingawa alikuwa akinifundisha kuyaacha yote wazi. Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona damu. Ilikuwa kama mtama uliomwagwa ukatandazwa uanikwe, punje kwa punje, haina wekundu tuujuao. Imetulia. Halafu pahali pamoja punje zikaanza kutikisika, zikasukumwa huku, zikasukumwa kule, kama nyoka anapopita ndani ya shamba na wewe unaona mashuke tu. Ndipo akatokea. Alikuwa mwembamba, anang'aa, anajipinda, anahangaika kama mwenye haraka. Alikuwa mzima kuliko sisi wote mle ndani.

"Ni wa mdogo," Bwana Mpimaji akasema nyuma yangu. "Sasa tumejua."

Mdogo alikuwa amekaa sakafuni anachezea kofia ya Bwana Mpimaji.

Nitangulize jambo hapa, usije ukakaa roho juu kama nilivyokaa mimi. Wote wawili waliishi. Mdogo alichomwa sindano zake zote, akapona, na jicho lake la kushoto likafifia kama taa yenye glasi chafu; la kulia lilibaki. Amezaa, ameolewa Ntalikwa, analima mpunga na kunishinda kwa maneno. Mkubwa naye ana watoto wake. Wajukuu wangu kwa hao wawili wakija pamoja siku ya sikukuu, sufuria zangu zote hazitoshi, na mimi hukaa kati yao kama malkia, na anayetaka kuona wivu na aone. Lakini siku ninayotaka kuieleza hakuna aliyejua haya. Mimi pia sikujua. Kuyajua leo hakunisaidii nikikumbuka siku ile.

Daktari alirudi. Alisikia mdudu ameonekana, akanipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo lilinitia aibu. Mdogo alichomwa barazani kwenye nyumba ya dawa, mimi nimemkumbatia, akapiga kelele zikafika njiani. Nilidhani yamekwisha. Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe anapanda barazani, amemshika mkubwa mkono. Nyuma yake walikuja wanawake wazima wa mstari wetu, wametulia kama wanaokwenda msibani. Mkubwa alikuwa amepakwa mafuta, amevishwa shanga zake. Mama mkwe akamketisha kwenye benchi lile lile, akamkunja sketi, akaacha paja wazi.

Akamwambia daktari kwamba yuko tayari.

Bwana Mpimaji akasema huyu hajaonekana na kitu, amepimwa siku zote. Daktari akamnyamazisha kwa mkono. Akasema kwamba watoto hawa wanalala mkeka mmoja, wanacheza chini ya mbung'o mmoja, na kutoona mdudu si ushahidi wa mwisho. Kama familia inataka, dozi ndogo haiwezi kuwa mbaya sana. Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakuna aliyesema uongo barazani siku ile.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi na shoka lake begani. "Mama mapacha," akasema, "mwache achomwe, tukae kwa amani. Akija kuugua kesho utasema nini?"

Mama mkwe naye alisema, si kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. "Umemwacha mmoja nje ya mlango. Mwenzake anaungua na dawa ndani ya mwili, huyu hana kitu. Akiondoka mmoja, wa pili atafuata, na mlango umeufungua wewe. Kuosha vioo kumekufanya usahau umewazaa wangapi?"

Mkubwa alikuwa ananitazama. Hakulia. Alikuwa amezoea kuchomwa na mimi, kwa hiyo aliona kila kitu kimekwisha kuamuliwa, na paja lake lilikuwa linatetemeka lenyewe. Daktari alikuwa tayari na sindano, anangoja, jua likipita ndani ya ile dawa.

Nilimlaza mdogo begani. Nikaenda kwenye benchi, nikaishusha sketi ya mkubwa ikafunika magoti yake.

"Huyu hana mdudu," nikasema. "Sindano haimgusi."

Mume wangu akashuka ngazi moja akaniambia kwamba nikimkataa mama yake mbele za watu, nifikirie vizuri usiku wa leo nitalala kwa nani. Wanawake wakaguna. Nilisikia mmoja akisema kiburi, mwingine akisema mwacheni, ni uchungu wa mtoto.

Ndipo mama mkwe akafanya jambo ambalo sijaliona tena maishani mwangu. Alipiga magoti. Si kwa daktari. Mbele yangu, mkwewe, kwenye saruji ile, akashika upindo wa nguo yangu kwa mikono miwili. Kwetu mkwe ndiye anayepiga magoti. Wanawake wote walitazama chini, na mume wangu akageuka akaipa baraza mgongo. Niliona utosi wa mama yule, mvi zake zimesukwa vizuri, na kucha zake zimeingia unga. Alikuwa analia kwa sababu aliamini. Aliwaona wajukuu wake wote wawili wamekwisha ondoka, mmoja anamwita mwenziwe, kwa njia ile aliyoondokea baba yake. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote nilizokaa naye. Kama angenitukana mara moja tu ningepata pa kushika.

"Mayu," akasema. Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. "Nakuomba. Kidogo tu. Tone. Aguswe tu kama mwenzake."

Kidogo tu. Nilimtazama mkubwa, yale macho makubwa, meusi, yasiyo na doa.

"Huyu hana mdudu. Sindano haimgusi."